Imla: maana yake, matumizi yake na haki ya kusomewa

IMLA ni maneno yanayosomwa au kusemwa na mtu mmoja ili mwingine ayaandike kama yalivyotamkwa. Neno hilo lina asili ya Kiarabu.

Katika siasa neno hilo lina maana nyingine. Utawala wa kiimla ni utawala wa mtu anayeamrisha bila kushauriana na wengine, yaani udikteta. Hata hivyo, katika imla ya maandishi mara nyingi mwenye nguvu si msemaji bali mshika kalamu, hasa pale ambapo msemaji hajui kusoma.

Hadhari hiyo ni ya kale. Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara katika Kurani inaagiza deni liandikwe na mwandishi mwadilifu, na mdaiwa ndiye atoe imla. Asipoweza, msimamizi wake aitoe kwa uadilifu. Katika Biblia, Baruku aliandika maneno yaliyotoka kinywani mwa nabii Yeremia.

Shuleni

Kwa Watanzania wengi, imla hukumbusha darasa la Kiswahili. Kwa kawaida mwalimu husoma kifungu chote mara ya kwanza wanafunzi wakisikiliza, kisha hukisoma kwa vipande wakiandika, na mwisho hukirudia ili wasahihishe. Imla imekuwa ikipimwa pia katika karatasi ya Kiswahili ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Mpanda, unaonyesha vizuri ugumu wa zoezi hilo. Wamo Wapimbwe, Wakonongo na Wabende, pamoja na wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliohamia. Aidha, katika makazi ya Katumba, yaliyoanzishwa mwaka 1973, na Mishamo, yaliyoanzishwa mwaka 1978, wapo watu wenye asili ya Burundi, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania.

Kisukuma na Kirundi havitofautishi sauti "l" na "r" kama Kiswahili kinavyofanya. Msukuma huelekea kwenye "l", Mrundi kwenye "r". Hivyo katika darasa moja, neno "mahali" laweza kuandikwa "mahari", na "kura" ikawa "kula". Vilevile "dhana" huweza kugeuka "zana", na "ghali" ikawa "gari". Mtoto hapungukiwi akili. Ameandika alichosikia kwa sikio la lugha ya nyumbani.

Ofisini

Ofisini, imla ilikuwa kazi ya makatibu muhtasi. Walisikiliza maneno ya mkuu wa kazi, wakayanakili kwa hatimkato, kisha wakapiga chapa. Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho baadaye kilikuwa sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma, kilijulikana nchini kwa mafunzo hayo.

Polisi na mahakamani

Mahali ambapo kosa la imla huweza kumgharimu mtu uhuru wake ni kituo cha polisi. Mtuhumiwa husema, askari huandika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka askari amwonyeshe mhojiwa maandishi hayo. Asiyeweza kusoma husomewa, na huulizwa kama ana la kurekebisha au kuongeza.

Kwa hiyo, asiyejua kusoma anapaswa kusomewa kabla ya kuweka dole gumba. Alama hiyo ikishawekwa, maneno ya mwandishi huhesabiwa kuwa maneno ya msemaji.

Mahakamani, kwa miaka mingi shahidi alizungumza Kiswahili huku hakimu au jaji akiandika Kiingereza, isipokuwa katika Mahakama za Mwanzo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Katika simu

Siku hizi hata simu hupokea imla. Mwaka 2017 kampuni ya Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti. Mashine nayo hukosea, hasa lafudhi isiyoizoea.

Iwe kwa mwalimu, katibu, askari au simu, hatua ya mwisho ya imla ni ileile: kilichoandikwa kisomwe tena, na aliyesema apewe nafasi ya kusahihisha.