Kadi Isiyofika: Muda kama Kizuizi cha Haki ya Ukaazi kwa Wenza wa Raia wa Umoja wa Ulaya

Chukua wanawake wawili wa Mombasa. Wote wameolewa na wanaume kutoka Ulaya, na wote wanataka kwenda kuishi na waume zao Berlin. Mume wa yule wa kwanza ni Mjerumani. Tangu Agosti 2007 sheria ya Ujerumani inamtaka mke wa namna hii, isipokuwa ana sababu maalumu ya kusamehewa, athibitishe kabla ya kupewa viza kwamba anajua Kijerumani cha ngazi ya A1. Kwa hiyo atajisomea, atajiandikisha kwa mtihani, na akifeli atalipa tena na kurudia. Mume wa yule wa pili ni Mfaransa aliyeajiriwa Berlin. Huyu mke haulizwi neno hata moja la Kijerumani. Viza yake yatakiwa kutolewa bure, tena kwa utaratibu wa haraka, na akishafika Ujerumani ana ruhusa ya kufanya kazi.

Kinachowatenganisha ni sheria inayomlinda mume. Mfaransa amehama nchi yake na kwenda kuishi katika nchi nyingine mwanachama, kwa hiyo yeye na mkewe wamo ndani ya Agizo 2004/38 la tarehe 29 Aprili 2004, linalosimamia uhuru wa raia wa Umoja wa Ulaya na jamaa zao kusafiri na kuishi popote ndani ya Umoja. Mjerumani aliyebaki kwao hajavuka mpaka wowote, na sheria ya Umoja inamwachia serikali yake. Zipo nchi zilizoona aibu ya kuwatendea raia wao vibaya kuliko wageni. Italia, kwa sheria yake ya mwaka 2007, iliwapa jamaa za Waitaliano manufaa yaleyale. Ujerumani haikufanya hivyo.

Ubaguzi huo umeandikwa sana na wanasheria. Makala haya yanamwangalia yule mke wa pili, ambaye kwenye karatasi ana kila kitu. Hoja yangu ni kwamba kadiri Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilivyozinyang'anya serikali masharti ya kuwazuia wenza hawa, silaha iliyobaki mikononi mwa serikali ni muda, na mpaka sasa sheria haijaweka gharama yoyote ya maana juu ya muda unaopotezwa.

Masharti yenyewe yaliondoka hatua kwa hatua. Mwaka 1992, katika shauri la Singh, Mahakama iliamua kwamba Mwingereza aliyekwenda kufanya kazi Ujerumani kisha akarudi kwao anarudi na haki za Umoja, na mumewe Mhindi hawezi kutendewa vibaya kuliko ambavyo angetendewa kama wangeingia nchi nyingine mwanachama. Mwaka 2002, katika shauri la MRAX lililotoka Ubelgiji, ilisema mwenza hawezi kunyimwa kibali na kufukuzwa kwa sababu tu viza yake imekwisha au aliingia bila viza. Kisha likaja shauri la Metock, Julai 2008, lililogonga vichwa vya habari kuliko yote. Ireland ilikuwa imeweka kanuni kwamba mwenza asiye raia wa Umoja lazima kwanza awe ameishi kihalali katika nchi nyingine mwanachama. Wanandoa wanne walikwenda mahakamani. Metock alikuwa Mkameruni aliyenyimwa hifadhi ya ukimbizi Ireland. Mkewe, mzaliwa wa Kameruni aliyepata uraia wa Uingereza, alikuwa akifanya kazi Dublin. Walijuana tangu 1994 na walikuwa na watoto wawili. Mahakama iliifuta kanuni ya Ireland, ikaiacha hata hukumu yake yenyewe ya mwaka 2003 katika shauri la Akrich: haijalishi ndoa ilifungwa lini na wapi, wala mwenza aliingiaje.

Serikali kadhaa zilikasirika, hasa Denmark. Tangu mwaka 2002 Denmark haikuruhusu Mdenmark kumleta mwenza wa kigeni kabla wote wawili hawajatimiza miaka 24, na matokeo yake vijana wengi walivuka daraja la Öresund na kuhamia Malmö, Sweden, ili wapate kinga ya sheria ya Umoja. Miongoni mwa waliohamia huko ni Ousmane Biao, Mdenmark mzaliwa wa Togo, na mkewe Mghana, waliokwamishwa na sharti jingine, lile la kupima uhusiano wa wanandoa na Denmark. Iliwachukua mpaka Mei 2016 kushinda kesi yao ya ubaguzi katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Ukiisoma historia hii kwa makini unaelewa kwa nini wakubwa wa uhamiaji huiona ndoa ya raia wa Umoja kama mlango wa nyuma. Lakini mlango huo uliwekwa na sheria, na waliouweka ni serikali hizohizo zilipopitisha Agizo.

Agizo lenyewe limeweka saa. Viza ya kuingia itolewe mapema iwezekanavyo; Kamisheni ya Ulaya katika mwongozo wake wa 2009 ilisema zaidi ya wiki nne hakukubaliki. Ibara ya 10 inasema kadi ya ukaazi itolewe ndani ya miezi sita tangu maombi yalipowasilishwa, na stakabadhi ya kupokea maombi itolewe papo hapo. Nyaraka zinazoweza kudaiwa zimetajwa, nazo ni chache: pasipoti, uthibitisho wa undugu au ndoa, na cheti cha usajili cha raia wa Umoja. Hata hivyo, Kamisheni ilipokagua mwaka 2008 namna nchi zilivyoingiza Agizo katika sheria zao, ilikuta kwamba hakuna nchi hata moja iliyoliingiza lote kwa usahihi.

Kwa aliye nje, miezi sita si mingi. Tuitazame kwa karibu. Mjini Brussels mwombaji anakwenda ofisi ya manispaa yake na kupewa karatasi ya maombi; polisi wa mtaa anafika nyumbani kuhakikisha kwamba kweli wanaishi pamoja; baada ya hapo anapewa kibali cha muda cha rangi ya chungwa. Kisheria ana haki ya kufanya kazi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Ibara ya 25 inakataza kabisa kuifanya kadi kuwa sharti la kutumia haki. Sasa mweke mbele ya karani wa ajira. Karani anajua kwamba mwajiri anayeajiri mgeni asiye na kibali anaadhibiwa, kwani hilo limo katika Agizo la mwaka 2009. Hajui kwamba Agizo hilo haliwahusu wenza wa raia wa Umoja waliohama. Anaigeuza karatasi mbele na nyuma, anatafuta tarehe ya mwisho, anaona imebaki miezi miwili, anamwambia kwa upole, "Rudi ukishapata kadi." Kwa kauli hiyo ya adabu, Ibara ya 25 imekwisha kazi.

Au mweke kwenye msiba. Amepigiwa simu usiku kwamba mama amefariki Tanga, maziko ni kesho. Akiondoka Ulaya na stakabadhi peke yake, kurudi kwake kunahitaji viza mpya, maana kinachomwondolea viza ni kadi ya Ibara ya 10, na kadi haijatoka. Hata akikata shauri la kusafiri, wakati wa kurudi atasimama mbele ya mhudumu wa shirika la ndege anayejua kwamba abiria asiye na hati kamili ni faini kwa kampuni. Kwa hiyo anabaki. Matanga yanaanuliwa bila yeye, na hakuna rufaa wala fidia itakayomrudishia siku ile. Walioandika sheria hii waliwafikiria wafanyakazi wanaohama kutoka Lisbon kwenda Lyon; sidhani kama waliufikiria udongo wa kaburi.

Ndiyo maana hukumu ya Diallo, ya tarehe 27 Juni 2018, inastahili kusomwa na kila anayeshughulika na jambo hili. Diallo, raia wa Guinea, aliomba kadi Ubelgiji kama mzazi wa mtoto Mholanzi. Uamuzi wa kumkatalia uliandikwa kabla miezi sita haijatimia, lakini aliarifiwa baada ya muda kupita. Mahakama ilimpa haki katika mambo mawili: miezi sita inajumuisha na kumwarifu mwombaji, na uamuzi ukishafutwa na mahakama ya nchi, serikali haiwezi kujianzishia tena miezi sita mipya kamili. Hapo tunaishukuru. Lakini sheria ya Ubelgiji ilikuwa na kifungu cha thamani kubwa: muda ukipita bila jibu, kadi inatolewa moja kwa moja. Kifungu hicho Mahakama ilikikataa. Kadi, ilisema, inathibitisha haki iliyokwishakuwapo, haiiumbi. Kwa hiyo haiwezi kupewa mtu ambaye hajathibitika kutimiza masharti, eti kwa kuwa ofisi ilichelewa.

Kimantiki hoja hiyo inavutia, lakini nadhani inaukata mti upande usiofaa. Ikiwa kadi haiumbi haki, basi kadi iliyotolewa kimakosa nayo haijaumba chochote. Serikali ikishagundua kwamba masharti hayakutimizwa, Ibara ya 14 inairuhusu kuchunguza pale penye shaka ya msingi, na Ibara ya 35 inairuhusu kufuta haki iliyopatikana kwa hila. Hasara ya kadi iliyotolewa mapema inarekebishika. Hasara ya ukimya, kama tulivyoona kwa karani wa ajira na kwa msiba, mara nyingi hairekebishiki. Kati ya makosa mawili, Mahakama ililizuia lile dogo. Hata waliokuwa na jibu zuri, yaani Wabelgiji, walilazimishwa kuliacha, na hakuna kilichowekwa mahali pake.

Nitajibiwa kwamba ndoa za makaratasi zipo. Zipo, na kuzikana ni kupoteza imani ya msomaji. Lakini miezi sita iliwekwa ili uchunguzi upate nafasi, na uchunguzi unatakiwa umhusu mtu fulani mwenye dalili fulani. Faili lililokaa kabatini mwezi wa saba na wa nane bila kufunguliwa halimchunguzi mtu. Uhaba wa maofisa nao ni uamuzi wa bajeti: nchi inayoajiri maofisa wachache kuliko maombi yaliyopo imechagua nani atalipia uhaba huo.

Kuna athari nyingine isiyoonekana katika takwimu za uhamiaji. Kila mwezi wa kusubiri unampa mume raia wa Umoja nguvu juu ya mkewe, maana ofisi ikidai hati ya ziada, ni yeye mwenye cheti cha usajili na barua ya mwajiri. Mwanamke anayepigwa akiwa na stakabadhi mkononi anapima kila neno analomwambia polisi. Ibara ya 13 inamlinda baada ya talaka kwa sababu ya ukatili wa nyumbani, lakini mwaka 2016, katika shauri la NA, Mpakistani aliyepigwa na mumewe Mjerumani nchini Uingereza, Mahakama iliamua kwamba kinga hiyo haipo ikiwa mume ameondoka nchini kabla talaka haijafunguliwa. Mwaka 2021 ililegeza msimamo huo katika shauri jingine kutoka Ubelgiji. Kati ya hukumu hizo mbili ilipita miaka mitano, na ndoa hazikungoja.

Marekebisho ninayoyapendekeza hayahitaji mkataba mpya. Bunge la Ulaya na Baraza wanaweza kuongeza katika Ibara ya 10 kwamba siku miezi sita inapokwisha bila jibu, ofisi itoe kadi ya muda yenye nguvu zote za kadi kamili, zikiwamo kuvuka mpaka bila viza na kuajiriwa bila maswali, na iendelee kutumika mpaka uamuzi ulioandikwa umfikie mwombaji. Kadi hiyo haitamki kwamba masharti yametimizwa. Inatamka tu kwamba serikali haijajibu, na kwamba mzigo wa kutojibu haumwangukii aliyeomba. Kwa maoni yangu inapita bila kugongana na Diallo. Pili, kanuni ya fidia iliyowekwa katika shauri la Francovich mwaka 1991, kwamba nchi inayovunja sheria ya Umoja inawajibika kwa hasara, itumike kwa ucheleweshaji huu bila kusubiri kila mwombaji ajitafutie wakili: kiwango kwa kila mwezi, kilipwe na ofisi husika kutoka bajeti yake yenyewe. Mhasibu wa wizara akianza kuiona safu hiyo kwenye hesabu za mwaka, atauliza kwa nini maofisa ni wachache, na swali hilo litasikika wizarani haraka kuliko malalamiko ya wenye stakabadhi.