Deni la Wasomi: Kutoka Lumumba hadi Mtendeli

Tangu Desemba 2021, ilipofungwa kambi ya Mtendeli na wakimbizi wa Burundi wakahamishiwa Nduta, wenyeji wa Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo, wana haki ya kuuliza ni nani atakayewahudumia kwa kudumu, maadamu watumishi wa mashirika huja na dharura na kuondoka nayo. Suali hilo lina umri sawa na chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam.

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Lumumba, kwa wanafunzi wa sheria wasiozidi 14, akiwamo Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Kikahamia Mlimani mwaka 1964. Zao kuu la nchi lililoleta fedha za kigeni zama hizo lilikuwa mkonge, na Waha wa Kasulu na Kibondo, walioacha wake na mashamba yao wakaenda Tanga kwa umanamba, walikuwa miongoni mwa waliolikata. Jasho lao limo katika kuta za Mlimani. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe riziki.

Mwaka 1966 serikali iliamuru kila mhitimu aingie Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi, wakiwa wamevaa majoho yao, waliandamana hadi Ikulu, na bango mojawapo likadai kwamba afadhali enzi za ukoloni. Neno hilo lilimchoma Mwalimu. Aliwasikiliza hadi mwisho, kisha, kwa ghadhabu isiyofichika, akakubaliana nao kwamba mishahara ya wakubwa imezidi, akatangaza papo hapo kupunguza wake kwa asilimia 20, na takriban wanafunzi mia nne wakarudishwa makwao. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Wengi walisamehewa wakarejea masomoni, na Azimio la Arusha likafuata Februari 1967. Nami naamini kwamba hapana hotuba ya darasani iliyowafunza wasomi wetu wajibu wao kuliko asubuhi ile.

Azimio la Musoma la 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa 1994, yakarejeshwa 2013. Nyanda hizi za Kigoma nazo zimetoa wasomi wake: Philip Mpango, mzaliwa wa Buhigwe, alifundisha uchumi Mlimani kabla ya kuwa Makamu wa Rais mwaka 2021.

Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilipofungwa mwishoni mwa 2012, ilikabidhiwa JKT, jeshi lile lile lililozua ugomvi wa 1966. Hiyo ni heshima kwa Kasulu, lakini Kakonko inahitaji pia mwalimu wa hisabati na tabibu watakaokaa. Haifai kijana aliyesomeshwa kwa jasho la umma akipangiwa huku ajione amehukumiwa. Wala haifai serikali imlete pasipo nyumba ya kulala, ikamwachia mzazi wa mwanafunzi kazi ya kumbembeleza asiombe uhamisho.