Kiboko na Maji ya Mlimani: Historia ya Makao ya Mnyama katika Ngorongoro na Karatu

Neno kiboko katika Kiswahili lina maana mbili. Kwanza ni mnyama mkubwa akaaye majini. Pili ni mjeledi uliokatwa katika ngozi ya mnyama huyo. Katika enzi ya Wadachi mjeledi huo ulikuwa chombo cha serikali, na adhabu ya hamsa ishirini ilitajwa kwa hofu tangu pwani hata bara. Kwa hiyo watu wengi ambao hawakupata kumwona mnyama mwenyewe mtoni walimjua kwa migongo yao. Lakini iko njia nyingine ya kumjua kiboko, nayo ni kuyafuata maji yanayomweka hai, tangu yatokapo mpaka yaishiapo. Mtu akifanya hivyo katika nchi ya Ngorongoro na Karatu ataona ya kuwa historia ya mnyama huyu haitengani na historia ya watu, na kwamba mpaka wa makao yake haukuwekwa na wapimaji wa serikali, bali umewekwa na maji.

Yafaa kwanza kueleza maumbile yake. Kiboko mzima huweza kuwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ngozi yake, ingawa ni nene, haivumilii jua. Ikikaa nje ya maji kwa muda mrefu hukauka na kupasuka. Kwa sababu hiyo mchana hujizamisha majini, na usiku hutoka kwenda malishoni, akala majani kiasi cha kilo 40, kisha hurudi kabla ya jua kupanda. Apenda majani mafupi yaliyo karibu na maji. Basi maisha yake yamefungwa kwa vitu viwili, dimbwi lenye kina cha kutosha na malisho yasiyo mbali nalo. Kimoja kikikosekana, kingine hakimfai kitu.

Mahitaji haya mawili ndiyo yaliyoamua mahali alipoishi tangu zamani. Katika mji wa London mifupa ya viboko imechimbuliwa chini ya ardhi, nayo ni ya miaka 125,000 hivi iliyopita, wakati nchi zile zilipokuwa na joto kuliko leo. Katika Sahara pia imeonekana mifupa yao, ya zama ambazo jangwa lile lilikuwa na maziwa na nyasi. Katika Misri, ambako Mafarao waliwawinda, viboko walikwisha mwanzoni mwa karne ya 19. Mambo hayo matatu yafanana kwa kuwa yote yaonyesha mnyama aliyepoteza makao, lakini sababu zake si moja. Uingereza baridi ilirudi. Sahara mvua ilikoma. Bali Misri Mto Nili uliendelea kupita kama kawaida, na mwanadamu ndiye aliyemwondoa kiboko kwa silaha na kwa jembe.

Nchi ya Ngorongoro ina ushahidi wake wenyewe wa mabadiliko hayo. Upande wa kaskazini-magharibi wa kreta liko bonde la Oldupai, ambalo wataalamu wamelichimba tangu safari ya Hans Reck mwaka 1913, na baadaye Louis na Mary Leakey. Miaka kama 1,800,000 iliyopita palikuwa na ziwa mahali hapo. Maji ya ziwa hilo yalikuwa ya magadi, lakini kandokando yake zilikuwako chemchemi na vijito vya maji matamu vilivyotoka katika milima ya Ngorongoro. Hapo aliishi kiboko wa jamii iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalikuwa yameinuka sana juu ya kichwa. Mifupa yake imeonekana katika tabaka zile zile zenye zana za mawe za watu wa kale. Ziwa likakauka, na leo bonde lile ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Kiboko yule hakubaki ila katika mawe.

Anayejua habari hiyo akishuka katika kreta yenyewe atashangaa kuona mfano wa jambo lile lile. Katikati ya sakafu yake liko ziwa la magadi, ambalo kiboko hawezi kulitegemea, kwa kuwa maji yake ni machache na hupungua sana wakati wa kiangazi. Viboko hukaa katika maji matamu. Wengine wako katika kinamasi cha Mandusi, kinachopata maji ya mto Munge utokao katika mlima Olmoti. Wengine wako Ngoitokitok, mashariki, ambako chemchemi hububujika na kulisha kinamasi cha Gorigor. Ukubwa wa kreta ni kilomita za mraba 250 na zaidi, lakini makao hasa ya kiboko ni hayo madimbwi machache na majani yanayoyazunguka. Ni kisiwa ndani ya kisiwa.

Maji hayo yamepata wenyewe wengi kwa zamu. Oscar Baumann aliposhuka katika kreta mwezi Machi mwaka 1892 aliwakuta Wamasai katika dhiki kuu, kwa kuwa sotoka ilikuwa imewaangamizia ng'ombe wao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili wa Kidachi, Adolf na Friedrich Siedentopf, walifanya mashamba humo. Nao hawakujenga mahali po pote, bali mmoja alikaa penye mto Munge na wa pili Lerai, yaani penye maji matamu. Mwaka 1951 Ngorongoro ilikuwa sehemu ya Hifadhi ya Serengeti; mwaka 1959 ilitengwa iwe eneo la hifadhi ambamo wafugaji na wanyama wataishi pamoja. Lakini mwaka 1974 Wamasai waliokuwa wakikaa chini katika kreta waliondolewa.

Wengi walidhani kwamba watu wakiondoka nchi itabaki kama ilivyokuwa. Haikuwa hivyo. Wafugaji walikuwa wakichoma majani kwa majira, na ng'ombe wao wakiyala. Desturi hizo zilipokoma majani yakawa marefu na magumu, mbogo wakaongezeka kwa maelfu na nyumbu wakapungua. Katika ukame wa mwaka 2000 mbogo wengi walikufa, na baada yake uchomaji wa majani kwa mpango ulianzishwa tena. Jambo hili lamhusu kiboko pia, maana naye ni mla majani mafupi. Malisho yake yalikuwa yakitunzwa, kwa sehemu, na watu ambao hawakuhesabiwa kuwa watunzaji.

Sasa na tutazame upande wa pili wa milima, kwa maana maji hayashuki ndani ya kreta peke yake. Msitu wa nyanda za juu hukusanya ukungu na mvua, ukayaachilia maji polepole kuelekea Karatu, Eyasi na Manyara. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Wairaqw walitoka milima ya Mbulu wakaenea kaskazini hata Karatu, na walowezi wakafungua mashamba ya kahawa Oldeani. Baadaye ikaja ngano, na katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru, serikali ilianzisha makazi ya wakulima huko Upper Kitete. Kule Mang'ola, karibu na ziwa Eyasi, maji ya chemchemi leo humwagilia mashamba ya vitunguu. Hakuna awezaye kumlaumu mkulima kwa kulima. Lakini kila shamba lililofunguliwa mtelemkoni limeongeza udongo unaochukuliwa na mvua kwenda ziwani, na kila mfereji umepunguza maji yafikayo chini.

Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa ndipo ilipo Hifadhi ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960, ambayo nayo ina viboko wake. Ziwa lenyewe ni la magadi, tena la kina kifupi. Mwaka wa mvua nyingi hufurika, na mwaka wa ukame hurudi nyuma likaacha tope jeupe. Viboko huishi kwa vijito vinavyoshuka kutoka mlimani, ambavyo ndivyo vinavyotiliwa katika mashamba ya mpunga na migomba ya Mto wa Mbu. Kati ya Manyara na Ngorongoro ilibaki njia nyembamba ya wanyama kupitia Kitete na Selela, nayo imezidi kubanwa na mashamba. Zamani, maji ya mahali pamoja yakipungua, mnyama aliweza kuhama usiku kutafuta mengine. Leo dimbwi likikauka hana pa kwenda.

Linaloweza kutokea mahali kama hapo limekwisha kuonekana kusini mwa Tanzania. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993, maji yakizidi kuchukuliwa kwa kilimo cha mpunga huko Usangu, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Viboko hurundikana katika madimbwi yaliyobaki, na samadi yao, ambayo katika maji yaendayo hulisha viumbe wengi, katika maji yaliyosimama huondoa hewa hata samaki wakafa. Kwa hiyo mnyama yule yule aliyekuwa neema ya mto huwa sumu yake, wala kosa si lake.

Tangu mwaka 2006 kiboko amehesabiwa miongoni mwa wanyama walio hatarini, na hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilikadiria kuwa wamebaki kati ya 115,000 na 130,000 katika Afrika nzima. Kumlinda kwa bunduki na kwa uzio wa mpaka ni jambo jema, lakini halitoshi. Ziwa la Oldupai lilikauka bila ya mkono wa mtu, na hapakuwa na wa kuulizwa. Madimbwi ya Mandusi, Ngoitokitok na Manyara hayako hivyo. Maji yake hugawanywa kila siku na watu wanaojulikana: mkulima wa Karatu, mfugaji wa Ngorongoro, mwenye hoteli ukingoni, na serikali iliyo juu ya wote. Ikiwa hao wataketi pamoja na kukubaliana kiasi cha maji kitakachoachwa kishuke, kiboko atabaki mahali pake. Wasipofanya hivyo, atakaa katika lugha tu, kama jina la mjeledi ambalo watoto watalisikia bila kujua lilitoka kwa mnyama gani.