Kabla ya Kinanda: Safari ya Eric Wainaina

Historia ya kwaya yetu, pamoja na majina ya viongozi wote, imo katika ukurasa unaofuata. Hapa kamati imeniruhusu nizungumzie mwanamuziki mmoja wa Nairobi, kwa sababu alianza kama tulivyoanza sisi: kwa sauti tupu, bila ala yoyote.

Eric Wainaina alizaliwa mwaka 1973. Wengi wetu tunamjua akiwa na bendi nyuma yake, lakini kwanza alisikika katika Five Alive, vijana watano walioimba injili kwa mtindo wa akapela. Wenzake walikuwa David Mageria, Bob Kioko, Victor Seii na Joe Kiragu. Walirekodi albamu moja iliyobeba jina la kundi, wakazuru nchi za nje, na katikati ya miaka ya 1990 wakaachana, kila mmoja akashika njia yake.

Hebu fikirini watano ni wachache kiasi gani. Katika kwaya ya watu arobaini, waalto wawili wakikosa kuja, ni mwalimu tu atakayetambua. Katika watano, kila mtu ni safu nzima. Besi hufanya kazi ya gitaa la besi, na akivuta pumzi mahali pasipofaa wimbo unabaki na shimo. Hakuna kinanda cha kuwakumbusha ufunguo. Mmoja akishuka kidogo huwavuta wenzake, na kufikia ubeti wa tatu mmetoka G mko F na hakuna aliyetangaza. Waliojifunza nasi kwa solfa iliyoandikwa kwenye manila wanajua nasema nini, na najua wanacheka.

Baadaye Wainaina alikwenda Marekani, chuo cha muziki cha Berklee mjini Boston, akasomea utunzi wa nyimbo na kazi ya studio. Albamu yake ya kwanza, Sawa Sawa, ilitoka mwaka 2001. Ndani yake mlikuwa na "Nchi ya Kitu Kidogo", wimbo uliokemea hongo Rais Moi akiwa bado madarakani. Wapo wazee watakaouliza wimbo kama huo unatafuta nini katika kijitabu cha kanisa. Ningewaomba wasome tena kitabu cha Amosi. Aliandika pia mchezo wa muziki, Mo Faya, unaohusu maisha ya mtaa wa mabanda kama mitaa yetu.

Hakuwa wa mwisho kupita njia hiyo. Vijana wa Upper Hill School walioanzisha Sauti Sol mwaka 2005 nao walianza kwa akapela. Gitaa la Polycarp Otieno lilikuja baadaye.

Lakini wimbo wa Wainaina uliotugusa sisi ni "Daima", ambao pia umo katika Sawa Sawa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera iliwaka moto na reli inayopita hapo iling'olewa. Kwaya yetu ina Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba na Wakisii. Wengine hushukia matatu nambari 8, wengine 46. Kwa majuma kadhaa wa Kibera hawakuthubutu kuja Kawangware, na wa Kawangware hawakuthubutu kwenda Kibera. Tulipokutana tena tulikuwa nusu. Kinanda kilikuwa kimefichwa kwa mshirika mmoja, na hakuna aliyetaka kukibeba barabarani. Mtu akaanzisha "Daima" kwa sauti ya chini. Tena hawakuwepo, basi soprano wawili wakashuka wakaimba sehemu yao, oktava juu. Haikuwa nzuri. Jumapili iliyofuata tena watatu walirudi.

Leo tunachanga pesa za kinanda kipya, nami naunga mkono na nimeshatoa ahadi yangu. Ombi langu kwa kamati ni moja tu: mazoezi ya Alhamisi yabaki ya sauti tupu, hata kinanda kikishanunuliwa.

"Daima" ni wimbo wa nane katika ratiba ya leo, na utaimbwa bila ala. Stima ikipotea wakati huo, fundi asihangaike na jenereta.