Yepun, Zuhura na Kilimia

Juu ya mlima Paranal, mita 2,635 kutoka usawa wa bahari katika jangwa la Atacama nchini Chile, zimesimama darubini nne, kila moja na kioo chenye kipenyo cha mita 8.2. Mwaka 1999 zilipewa majina ya Kimapudungun, lugha ya Wamapuche, wenyeji wa Chile: Antu, yaani jua, Kueyen, mwezi, Melipal, Msalaba wa Kusini, na Yepun. Majina hayo yalitokana na shindano la insha la wanafunzi wa mkoa wa Antofagasta.

Yepun ndilo linalonivuta. Kwanza lilielezwa kuwa ni Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Baadaye maana yake ikachunguzwa upya, ikabainika kuwa ni nyota ya jioni, yaani Zuhura. Wanafalaki wakatangaza masahihisho. Napenda sana kwamba watu wanaopima mwanga wa mamilioni ya miaka waliona neno la wenyeji nalo linastahili kupimwa sawasawa.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kazi kama hiyo ya kupima maneno. Tunasema nyota humetameta, kumbe kinachometameta ni hewa: mwanga unatufikia ukiwa umeyumbishwa na matabaka yake ya joto na baridi. Ndiyo maana darubini hupandishwa milimani, kwenye hewa nyembamba, kavu na tulivu. Hata huko mtikisiko haukomi. Kwa hiyo Yepun hurusha miale ya leza hadi kilomita 90 angani, ikaamsha atomi za sodiamu zing'ae kama nukta. Kompyuta hutazama nukta ile inavyotikiswa, nacho kioo chembamba hujipinda mara nyingi kila sekunde kuufuta mtikisiko.

Nukta hiyo tuiite nini? "Nyota bandia" linakuja haraka mdomoni, lakini bandia kwetu hunuka udanganyifu, kama noti bandia au dawa bandia. Nukta hii haimdanganyi mtu. Mimi ningeandika "nyota ya kuongozea", kwa sababu jina hilo linataja kazi yake.

Kwa vitu vya kale hatuhitaji kubuni. Kile kishada cha nyota ambacho vitabu vingi vya kigeni hukiita Pleiades, Kiswahili kinakiita Kilimia, na ndani yake kuna kulima. Wakulima walitazama kinapozama na kinapozuka, wakajua mvua na kiangazi vinakwendaje. Wazulu nao wana isiLimela, lenye kulima humohumo. Kwa macho matupu wengi huona nyota sita au saba. Darubini zimeonyesha zaidi ya elfu moja, zote zikiwa umbali wa takriban miaka ya nuru 440.

Lakini mwanafunzi wetu anaweza kujifunza falaki bila kukutana na Kilimia popote, akadhani elimu ya anga ilifika kwa meli. Naomba waandishi wa vitabu vya sayansi waandike Kilimia kwanza, waeleze kuwa ni nyota changa zilizozaliwa pamoja katika wingu moja la gesi, kisha ndipo waweke jina la kigeni. Msamiati wa mvua na jembe unabeba fizikia hiyo bila shida. Kilimia huonekana vizuri mwezi Desemba, saa tatu za usiku, hata bila kifaa chochote.