Kuita ayala

Kuita ayala ni mbinu ya uwindaji ambamo mwindaji huiga sauti za ayala ili dume anayepita mbali abadili njia na kumkaribia. Hutumika sana Marekani na Kanada katika kuwinda ayala mkia-mweupe (Odocoileus virginianus). Mbinu hii haimleti mnyama asiyekuwepo. Hufaa kwa dume ambaye tayari yumo katika eneo hilo, katika wiki chache za mwaka, na upepo ukiwa upande unaofaa.

Jina

Neno "ayala" limezoeleka kwa wasomaji wa Biblia ya Kiswahili. Watu wengi husema "kulungu", lakini kulungu wa Afrika Mashariki yumo katika familia ya ng'ombe (Bovidae), na pembe zake hazidondoki. Ayala ni wa familia Cervidae: dume huota pembe zenye matawi, huziangusha kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huota nyingine. Katika bara la Afrika ayala wa asili wako kaskazini kabisa, kama vile Algeria na Tunisia, kwa hiyo si ajabu kwamba Kiswahili kina maneno machache ya jambo hili.

Kwa nini dume huitika

Siku zinapofupika wakati wa vuli, homoni za dume huongezeka. Madume waliokula pamoja kwa amani wakati wa kiangazi huanza kushindana. Katika sehemu kubwa ya kaskazini ya Marekani kilele cha majira haya ni mwezi Novemba. Kusini mwa Florida huja mapema zaidi, mnamo Julai na Agosti.

Jike huwa tayari kupandwa kwa muda wa siku moja hivi. Asiposhika mimba, hali hiyo hurudi baada ya siku 28 hivi. Kwa sababu muda ni mfupi, dume hutembea mchana na usiku akitafuta, na hula kidogo. Huyo ndiye "dume anayepita" ambaye wawindaji humngojea. Akisikia dume mwingine, hudhani kuna mpinzani au jike karibu. Lakini akishampata jike, humfuata yeye tu, na sauti yoyote nzuri aghalabu haimshughulishi.

Sauti na vifaa

Sauti inayotumika zaidi ni mguno wa dume: mfupi, mzito na wa chini. Huigwa kwa bomba dogo lenye ulimi wa plastiki ndani. Miguno mingi ya harakaharaka huashiria dume anayemfuata jike. Sauti ya jike hufanana na ya mbuzi anayelia polepole, na huigwa kwa kopo ambalo likipinduliwa hulia lenyewe. Ipo pia sauti ya hasira, pumzi inayotolewa kwa nguvu puani na kumalizika kwa mfoko mrefu. Hiyo humvuta dume mbabe na humfukuza kijana.

Njia nyingine ni kugonganisha pembe mbili zilizookotwa msituni, kana kwamba madume wawili wanapigana. Utafiti uliofanywa Texas katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kugonganisha kwa kelele kubwa kulivuta madume wengi kuliko kugonganisha kwa upole.

Ulaya, wawindaji wa ayala mwekundu (Cervus elaphus) huiga ngurumo ya dume kwa kupuliza pembe ya ng'ombe au kombe kubwa la baharini. Ujerumani kuna hata mashindano ya kitaifa ya sanaa hiyo.

Kumwita dume anayepita

Mwindaji akimwona dume akienda zake, huguna mara moja au mbili, kisha hutazama masikio yake. Dume akisimama na kugeuza kichwa, amesikia. Akiendelea kutembea bila ishara yoyote, pengine upepo umeifunika sauti; huitwa tena kwa nguvu zaidi. Akianza kuja, mwindaji hunyamaza kabisa. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: hufurahi, wakaendelea kupuliza, na dume akatambua mahali hasa sauti inakotoka. Ayala huweza kulenga chanzo cha sauti kwa usahihi mkubwa, na asipomwona ayala mwenzake hapo huingiwa na shaka. Kwa sababu hiyohiyo haitwi akiwa anatazama moja kwa moja upande wa mwindaji.

Dume anayeitika mara nyingi haji kwa njia iliyonyooka. Huzunguka hadi upande wa demani, kama wasemavyo mabaharia, yaani kule upepo unakoelekea, ili anuse kabla ya kujionyesha. Kwa hiyo mwindaji hodari huchagua mahali ambapo upande huo una mto, mwamba au uwanja wazi, ili mnyama asiweze kupita huko bila kuonekana. Huja kimyakimya pia, na baada ya kugonganisha pembe ni desturi kungoja nusu saa hivi kabla ya kuondoka.

Usalama na sheria

Sauti inayomdanganya ayala humdanganya pia binadamu. Mwindaji mwingine akisikia pembe zikigongana vichakani anaweza kusogea akiwa na bunduki tayari. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani huamuru nguo za rangi ya chungwa kali katika msimu wa bunduki. Ayala haioni rangi hiyo kama sisi. Wengi hukaa juu ya dungu lililofungwa mtini, na kuanguka kutoka huko husababisha majeraha mengi, hivyo mkanda wa usalama huvaliwa kabla ya kupanda.

Sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Baadhi hukataza kucheza sauti zilizorekodiwa lakini huruhusu bomba la kupuliza kwa mdomo. Leseni huhitajika, na msimu, idadi na hata ukubwa wa pembe za dume anayeruhusiwa kupigwa huweza kuwekewa mipaka.