Damu ya Mpira katika Muhogo wa Pwani

Shina la muhogo linaweza kusimama shambani Maneromango likiwa limestawi vizuri, kumbe chini limeharibika. Ndivyo ulivyo ugonjwa wa michirizi kahawia. Mwenye shamba hupata habari kamili siku ya kuchimba, anapoukata muhogo kwa panga na kukuta madoa makavu ya kahawia yametapakaa ndani. Haupikiki, hauuziki, hata makopa hautoi. Kwa hiyo wengi wa Kisarawe na Kibaha huchimba mapema, kabla muhogo haujanenepa, ili waokoe kinachookoleka.

Kazi ya kuutafutia muhogo huo kinga ilianzia mbali na Kisarawe, huko Amani katika Usambara Mashariki. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti hapo mwaka 1902. Miaka minane kabla yake, mwanabotania Otto Warburg alikwisha kuandika juu ya majani ya muhogo yaliyojikunja Usambara, ugonjwa tunaouita leo batobato. Waingereza walikirithi kituo, na mwaka 1936 mtafiti H. H. Storey akaeleza kwamba michirizi kahawia ni ugonjwa mwingine kabisa.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walikusanya aina nyingi za muhogo, wakazipanda na kuzilinganisha. Hazikuwa na kinga ya kutosha. Wakageukia jamaa zake wa porini, na hasa mpira: mti uleule uliotoka Brazili, ambao walowezi wa Kijerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913. Mashamba yakafa, miti ikabaki, na mpaka leo watu wa pwani hupika majani yake, kisamvu cha mpira.

Kuchanganya muhogo na mpira ni kazi ya subira. Katika kishada kimoja maua majike hutangulia kufunguka, na madume hufuata siku kadhaa baadaye. Mchavushaji hulifunika ua jike kwa kifuko ili wadudu wasimtangulie, kisha hupaka chavua kwa mkono. Tunda likikauka hupasuka na kurusha mbegu, kwa kawaida tatu, na kila mbegu huota mmea wenye tabia yake. Machotara wa kwanza wa Amani walikuwa wagumu kwa maradhi lakini mizizi yao ilikuwa myembamba, ya kutafuna kama kuni. Ikabidi warudishwe kwa muhogo, tena na tena, mara tatu, na kila kizazi kipimwe upya.

Mmoja wa waliofaulu aliandikwa kwa namba tu: 46106/27. Mtafiti D. L. Jennings aliiendeleza kazi hiyo mpaka iliposimama mwaka 1957. Mbegu nyingine zilikuwa zimepelekwa Nigeria, na kutoka humo, katika miaka ya 1970, watafiti wa taasisi ya IITA huko Ibadan walizalisha aina zilizosambaa sehemu kubwa ya Afrika.

Huku kwetu kazi ikabaki mikononi mwa wakulima, na hapo ndipo historia hii inapostahili heshima zaidi kuliko inayopewa. Muhogo hupandwa kwa pingili. Jirani humkatia jirani, bibi harusi huondoka na mzigo wa vipando, na aina husafiri bila karatasi. Ile 46106/27 ilijulikana pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakulima walikuwa na muhogo wao, Namikonga, uliosifiwa kwa kuhimili michirizi. Vipimo vya vinasaba vilipofanyika, Kaleso na Namikonga vikaonekana kuwa mmea mmoja. Na Kiroba, aina inayopendwa sana mkoani Pwani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta ndani yake vipande vya vinasaba vya mpira.

Kituo cha utafiti cha Kibaha hujulikana zaidi kwa miwa, zao ambalo nalo ni chotara wa mua mtamu na jamaa yake wa porini. Lakini muhogo nao una nafasi katika kituo hicho, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Mashamba ya majaribio yako Chambezi, Bagamoyo, ambako ugonjwa ni mkali kiasi kwamba aina dhaifu haina pa kujificha. Huko, na Naliendele mkoani Mtwara, walipandwa watoto wa Namikonga na Albert, muhogo usiohimili michirizi kabisa. Kila shina lilichimbwa, mizizi ikakatwa na kupewa alama, 1 kwa ulio safi hadi 5 kwa uliooza vibaya. Ndugu wa baba na mama mmoja walitofautiana mno, na kwa tofauti hizo watafiti waliweza kuonyesha ni sehemu zipi za vinasaba zinazobeba ukinzani.

Alama hizo hazitoshi kumshawishi mkulima wa Kisarawe. Yeye huuliza kama muhogo unaiva upesi, kama unatafunika mbichi, kama wachuuzi wa Dar es Salaam watauchukua. Kiroba ilipita mitihani hiyo ingawa haina kinga kamili: huugua, ila mizizi mingi husalimika. Virusi hubaki ndani ya shina na kusafiri na pingili mpaka shamba la pili, kwa hiyo mwenye Kiroba bado inambidi akague kila shina kabla ya kulikata pingili, hasa majani ya chini, ambako umanjano huanza kando ya mishipa.